Hermann Hesse na Rangi za Maji za Montagnola

Msomaji wa Kiswahili anamjua Ludwig Krapf, mmishonari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Krapf alizaliwa Derendingen, kijiji cha jirani na Tübingen katika ufalme wa Württemberg, akasomea umisheni Basel, Uswisi. Katika Württemberg hiyohiyo na imani hiyohiyo alizaliwa mtu mwingine aliyekitendea Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, yale Krapf aliyokitendea Kiswahili. Aliitwa Hermann Gundert. Kamusi yake ilitoka mwaka 1872, na watu wa Kerala wanamheshimu mpaka leo. Aliporejea Ulaya, Gundert alikaa Calw, mji mdogo ulio bondeni ukingoni mwa Msitu Mweusi, akisimamia uchapaji wa vitabu vya dini. Binti yake Marie, mzaliwa wa India, aliolewa na Johannes Hesse, naye mmishonari aliyepata kufanya kazi India. Tarehe 2 Julai 1877 wakapata mtoto wa kiume. Akaitwa Hermann, kama babu yake.

Ndiye Hermann Hesse, mwandishi aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1946. Vitabu vyake vimesomwa duniani kote na mengi yameandikwa juu yake. Mimi nataka kusimulia upande wake mmoja ambao wasomaji wengi huupita haraka: alipokaribia miaka 40, maisha yake yakiwa yamevunjika, alichukua brashi na kisanduku cha rangi za maji, akaanza kuchora milima, mapaa na miti. Yeye mwenyewe alisema baadaye, katika barua, kwamba asingekuwa hai kama majaribio yale ya kwanza ya kuchora yasingemfariji na kumwokoa. Mtu akisema neno zito namna hiyo, inafaa tukae tuangalie lilitokeaje.

Mtoto yule alikusudiwa kuwa mchungaji. Mwaka 1891 alipelekwa seminari ya Maulbronn, na Machi 1892, akiwa na miaka 14, akatoroka, akalala nje usiku wa baridi kali, akarudishwa kesho yake. Mwaka huohuo alijaribu kujiua. Wazazi walimwombea, wakamhamisha huku na huku, wasijue la kumfanya. Alipita kwenye karakana ya saa za minara pale Calw, akauza vitabu Tübingen na Basel, na mwaka 1904 riwaya yake Peter Camenzind ikampatia jina na riziki. Alimwoa Maria Bernoulli, mpiga picha wa Basel aliyemzidi umri kwa miaka tisa, wakapata wana watatu: Bruno, Heiner na Martin. Mwaka 1911 alisafiri kwenda Ceylon na Sumatra pamoja na rafiki yake mchoraji, Hans Sturzenegger. Mwaka uliofuata familia ilihamia Bern, katika nyumba iliyokuwa ya mchoraji mwingine, Albert Welti, aliyekuwa amefariki muda mfupi kabla. Wachoraji walimzunguka miaka yote hiyo, wengine wakila mezani kwake, na yeye hakuigusa kazi yao. Alikuwa mtu wa maneno.

Kisha vikaja vita vya 1914. Hesse alijitolea jeshini akakataliwa kwa sababu ya macho yake mabovu. Tarehe 3 Novemba 1914 gazeti la Neue Zürcher Zeitung lilichapa makala yake iliyowasihi waandishi, wasanii na wasomi wa Ulaya wasiwe wapiga zumari wa chuki, wasiugeuze uzuri na elimu kuwa silaha. Haikuwa makala ya ukali. Hata hivyo, magazeti ya Ujerumani yalimrukia, yakamwita msaliti wa nchi. Barua za matusi zikamiminika nyumbani kwake, na marafiki wa zamani wakampa kisogo. Mwandishi Mfaransa Romain Rolland, aliyekuwa akitukanwa vivyo hivyo na watu wake, alimwandikia, na urafiki wao ukadumu. Hesse mwenyewe aliendelea na kazi aliyokuwa ameichukua pale Bern: kukusanya vitabu na kuwapelekea mateka wa vita wa Kijerumani waliokuwa katika kambi za nchi za nje. Kutwa nzima ilikuwa barua, orodha, vifurushi, barua tena.

Mwaka 1916 ulimmaliza. Tarehe 8 Machi baba yake alifariki. Martin, kitinda mimba, alikuwa ameugua vibaya. Mke wake alikuwa anaelekea kwenye ugonjwa wa akili ambao baadaye ungemlaza hospitalini. Hesse alikuwa halali, kichwa kinamuuma, hawezi kuandika. Majira ya kuchipua ya mwaka huo alikwenda Sonnmatt, nyumba ya matibabu karibu na Lucerne, na huko akakutana na daktari kijana, Josef Bernhard Lang, mwanafunzi wa mtaalamu wa saikolojia Carl Gustav Jung. Walianza mazungumzo ya tiba ambayo yaliendelea Lucerne kwa zaidi ya vikao 60, mpaka mwishoni mwa 1917. Lang ndiye aliyemhimiza achore. Alitaka zaidi achore ndoto zake, ili yaliyojificha ndani yapate umbo la kutazamwa na wote wawili.

Hesse alizichora ndoto. Lakini nikiangalia njia aliyoishika baada ya hapo, naona kwamba dawa aliyopewa na dawa iliyomponya hazikuwa kitu kimoja. Daktari alimwelekeza ndani. Brashi ikampeleka nje. Baada ya muda mfupi alikuwa anachora nyumba, bustani, barabara ya kijiji, mti uliosimama mbele yake. Mtu aliyekuwa ameshinda miaka miwili akijichunguza, akijilaumu na kujitetea alipata kazi ambayo haikumtaka ajiseme hata kidogo. Ilimtaka atazame paa lile ni jekundu la namna gani saa kumi za jioni.

Ni vizuri kueleza kidogo rangi za maji zenyewe, maana tabia yake ndiyo iliyofanya kazi. Rangi hiyo ni unga laini wa rangi ulioshikizwa kwa gundi ya mti wa jamii ya mgunga, gundi ambayo sehemu kubwa yake tangu zamani hutoka Sudan, hasa Kordofan. Hivyo mchoraji wa milima ya Alpi anachovya brashi katika utomvu wa Afrika. Ukiongeza maji, rangi inatandaa juu ya karatasi na weupe wa karatasi unang'aa kupitia ndani yake. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kufunika kosa kwa tabaka jipya, tena na tena, mwezi mzima. Wa rangi za maji hawezi. Mwanga wa picha ni ile karatasi aliyoiacha wazi, na akishaipaka, mwanga ule hauirudii. Akigusa rangi mbichi kwa rangi nyingine zinakimbiliana na kuingiliana. Akichelewa, jua limeshakausha. Hana budi kuamua haraka na kuyakubali yaliyotokea.

Albrecht Dürer alichora mandhari kwa rangi hizi alipovuka Alpi kwenda Italia katika miaka ya 1490. Waingereza wa karne ya 18 na 19 ndio walioifanya sanaa ya kutembea nayo: Paul Sandby, kisha Turner, na mwaka 1804 wachoraji wa London wakaanzisha chama chao cha rangi za maji kwa sababu walichoka kudharauliwa na wa mafuta. Tangu miaka ya 1830 maduka yalianza kuuza vipande vidogo vya rangi laini vilivyopangwa katika kisanduku cha bati, na kuanzia hapo yeyote angeweza kutia vifaa vyake vyote mfukoni akapanda mlima. Kisanduku hicho ndicho kilichomfikia Hesse. Kilimfikia na mtu mwingine wakati uleule, wa upande wa pili wa vita. Mei 1915, baada ya mashambulizi ya Dardanelles, huko Uturuki, kushindwa, Winston Churchill aliondolewa kwenye uongozi wa Wizara ya Jeshi la Majini la Uingereza. Majira ya joto yale, akiwa amezama katika huzuni kwenye shamba la Hoe huko Surrey, alimkuta shemeji yake akichora, akaazima kisanduku cha watoto cha rangi za maji. Baadaye Churchill alihamia rangi za mafuta, akachora maisha yake yote. Waziri aliyeangushwa na mwandishi aliyeitwa msaliti hawakujuana, na sidhani kama wangeelewana. Wote wawili waliokotwa chini na kitu kilekile.

Picha za kwanza za Hesse zilikuwa hafifu na zenye kiza. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima: rangi zake za 1917 ni za udongo na kijivu, mistari imekazwa. Hakuwa na mwalimu. Aliendelea hata hivyo, na karibu na 1918 akapata matumizi ambayo naona yalimpa nguvu kuliko sifa yoyote. Aliandika kwa mkono mashairi yake katika vijitabu, akachora picha ndogo ya rangi juu ya kila shairi, akaviuza kwa watu wenye uwezo, na fedha zikaenda kwenye vitabu vya mateka. Kazi iliyoanza kama tiba ya mgonjwa ikawa inawalisha wengine. Wakati uleule kalamu nayo ilifunguka: katika wiki chache za vuli ya 1917 aliandika Demian, kitabu kilichotoka 1919 kwa jina la bandia, Emil Sinclair.

Vita vilipokwisha, nyumba ilikuwa imekwisha pia. Mke alikuwa hospitalini. Watoto waligawanywa kwa marafiki na walezi. Aprili 1919 Hesse aliondoka Bern peke yake, akavuka milima kuelekea kusini, katika jimbo la Ticino, ile sehemu ya Uswisi inayosema Kiitaliano. Baada ya kutangatanga wiki chache alipanda mpaka Montagnola, kijiji kilicho juu ya ziwa Lugano, na mwezi Mei akapanga vyumba vinne vidogo katika Casa Camuzzi, jumba la ajabu lenye minara na ngazi, lililojengwa katika karne ya 19 na msanifu wa kijiji hicho aliyerudi na mali kutoka Urusi. Vyumba havikuwa na joto la kutosha wakati wa baridi. Kibaraza kidogo kiliangalia bustani iliyoshuka kama korongo la miti, na mbele zaidi ziwa na vilele vya Monte San Salvatore na Generoso.

Alikuwa maskini kwelikweli. Mapato yake yalitoka Ujerumani, na fedha ya Ujerumani ilikuwa inayeyuka thamani mwezi kwa mwezi. Alikula wali, makaroni na maziwa, akavaa suti kuukuu mpaka zikachanika, na vuli ilipofika aliokota msituni njugu za michestinati, zile zinazochomwa na kuliwa na watu wa milima ile. Mengi ya hayo aliyasimulia mwenyewe miaka 12 baadaye, alipokuwa anahama nyumba. Na katika kusimulia huko haombi huruma. Anaukumbuka mwaka 1919 kama mwaka aliozaliwa upya.

Majira ya joto yale hayakuwa na mvua nyingi. Jua la Ticino ni kali kuliko la Bern. Linapiga kuta za rangi ya waridi na manjano, linawasha vigae, linafanya kivuli kuwa buluu. Hesse alitoka asubuhi na mapema akiwa na kofia ya majani makavu, mkoba mgongoni, kiti kidogo cha kukunja, kisanduku cha rangi na chupa ya maji. Alishuka kwenye njia za mizabibu, akapita Gentilino na Certenago na Agra, akakaa popote palipomvuta. Hakutafuta mandhari maarufu. Alichora kona ya ukuta, ngazi za mawe, bomba la moshi, mlima nyuma ya mti mmoja. Alichora kanisa la Sant'Abbondio na njia yake ya misaipresi mara nyingi. Jioni alikaa kwenye vile vilabu vya mvinyo vya mawe vilivyochimbwa chini ya miti msituni, akanywa mvinyo wa kienyeji na wakulima, na usiku akaandika. Katika miezi michache alitengeneza mamia ya michoro, na akaandika Klein na Wagner, Majira ya Mwisho ya Joto ya Klingsor, na mwanzo wa Siddhartha ukafuata kabla ya mwaka kwisha.

Rangi zenyewe ndizo zinazoshuhudia mabadiliko. Udongo na kijivu cha 1917 kimetoweka. Badala yake kuna nyekundu kali, manjano ya ndimu, zambarau, kijani kinachokaribia kupiga kelele. Hakufuata rangi ya kitu kama ilivyo. Mlima ukiwa wa buluu aliweza kuupaka zambarau ili nyumba iliyo mbele yake iwake. Mistari imelegea. Mtu anayeziangalia kwa mpangilio wa tarehe, na Hesse alikuwa na desturi njema ya kuandika tarehe, anaweza kuona kwa macho yake mtu anarudi duniani.

Hakuyajua hayo yote peke yake. Rafiki yake Louis Moilliet, mchoraji wa Bern, alikuja kumtembelea. Aprili 1914, miezi minne kabla ya vita, Moilliet alikuwa amesafiri kwenda Tunisia pamoja na Paul Klee na August Macke. Watu hao watatu walitembea Tunis, Hammamet na Kairouan wakiwa na rangi za maji, na jua la Afrika ya Kaskazini liliwafundisha kuacha kuchora vitu na kuanza kujenga picha kwa vipande vya rangi tupu. Klee alirudi akijiona kwamba sasa ni mchoraji kweli. Macke aliuawa vitani Champagne mwezi Septemba mwaka uleule, akiwa na miaka 27. Yale waliyoyaona Kairouan yalipita kwa Moilliet yakafika Montagnola, na ukitazama picha za Hesse za 1922, ambamo mapaa na vilima vimekatwa katika pembe na miraba ya rangi, utaona njia ilikopita. Moilliet ameingia pia katika hadithi ya Klingsor, kwa jina la Louis Mkatili. Klingsor mwenyewe ni mchoraji wa miaka 42, umri uleule aliotimiza Hesse mwezi Julai 1919, anayechora kwa pupa majira yake ya mwisho kisha anakufa. Mwandishi alimuua mchoraji wake katika kitabu. Yeye aliendelea kuishi miaka 43 mingine.

Je, alikuwa mchoraji mzuri? Swali hili huulizwa kila mara, na jibu langu ni kwamba alikuwa mchoraji mdogo mwenye jicho la kweli. Alilijua hilo mwenyewe. Hakuwahi kujiweka mstari mmoja na Klee au Moilliet, na hakuchora watu vizuri. Karibu hakuna binadamu katika picha zake. Kunsthalle ya Basel ilionyesha kazi zake mwaka 1920. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake Matembezi, chenye picha zake za rangi, na kingine cha mashairi ya mchoraji. Mwaka 1921 zikafuata picha 11 za Ticino katika mkoba mmoja. Aliziuza picha kwa bei ndogo alipokosa chakula. Mwaka 1922 alimwandikia na kumchorea kijana wa kike aliyempenda, Ruth Wenger, hadithi ya Piktor, mtu aliyegeuka mti peponi, na kwa miaka mingi baadaye aliinakili hadithi ile kwa mkono, kila nakala na picha zake mpya, kwa ajili ya wanunuzi.

Lakini hakuona haja ya kuwa bingwa, na hapo ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Katika uandishi alikuwa na jina la kulinda, wahakiki, maadui, wasomaji waliomtaka awe yule wa jana. Kila neno lilikuja na deni. Kwenye kiti cha kukunja kando ya shamba la mizabibu alikuwa mwanafunzi wa miaka 40 na kitu, anaruhusiwa kukosea, hadaiwi chochote na mtu. Katika barua moja ya wakati huo alimweleza rafiki kwamba uchoraji unamfanya mtu awe na furaha na subira zaidi, na kwamba ukimaliza vidole havina weusi wa wino bali vina wekundu na buluu. Ni furaha ya mtoto hiyo, nayo ilimfikia mtu aliyekuwa amekosa utoto tangu Maulbronn. Na alizidi kusema: bila uchoraji asingefika mbali katika uandishi. Ninamwamini. Ukisoma Klingsor au Siddhartha baada ya kuzitazama picha, unaona jinsi sentensi zake zilivyojifunza kusimama mbele ya mto au mti na kuuacha uwe vile ulivyo.

Tusiusingizie uchoraji yale ambayo haukuyafanya. Haukuirudisha ndoa yake. Ndoa ya pili, na Ruth Wenger, ilifungwa Januari 1924 na kuvunjwa 1927. Katikati ya miaka ya 1920 alirudi tena kwenye ukingo wa kujiua, na Mbwamwitu wa Nyika, riwaya ya 1927, imeandikwa kutoka ukingo huo. Wanawe walikua mbali naye. Bruno, mkubwa wao, aliingia mwaka 1920 katika nyumba ya mchoraji Cuno Amiet kule Oschwand, akalelewa humo, na akawa mchoraji. Martin aliyekuwa mgonjwa yule akawa mpiga picha, na picha nyingi za baba yake tunazozijua ni zake. Rangi za maji hazikufuta huzuni. Ziliyafanya majira ya baridi yavumilike kwa sababu palikuwa na Mei ya kungojea, na zilimpa siku moja baada ya nyingine ambazo angeweza kuzitazama jioni na kuona kwamba kuna kitu kimefanyika.

Mwaka 1931 rafiki tajiri wa Zürich, Hans C. Bodmer, alimjengea nyumba upande wa pili wa kijiji, Casa Rossa, akampa aishi humo maisha yake yote. Novemba mwaka huo alimwoa Ninon Dolbin, mwanahistoria wa sanaa, na ndoa hiyo ilidumu. Bustani ikachukua sehemu ya muda wa brashi, na macho yaliyomuuma maisha yake yote yakazidi kumsumbua. Kisha Ujerumani ikaangukia mikononi mwa Wanazi, na watu wakaanza kupita Montagnola wakikimbia. Mwandishi mwenzake Thomas Mann alikuja mwaka 1933. Akaja mwandishi Bertolt Brecht. Na baada yao wengi wasio na jina, wanaohitaji hati, fedha, barua ya kuwatambulisha. Hesse alirudia ile kazi ya 1918. Alikaa mezani akaandika mashairi kwa mkono, akayachorea vijipicha vya ziwa na vijiji, akayauza, fedha zikaenda kwa wenye shida. Na juu ya barua zake, alizoandika kwa maelfu, mara nyingi alipaka mandhari ndogo isiyozidi kiganja: mlima, mti, nyumba yenye paa jekundu. Watu waliokuwa kambini au ughaibuni walifungua bahasha wakakuta Ticino.

Alifariki Montagnola tarehe 9 Agosti 1962, akazikwa Sant'Abbondio, kwenye kanisa lile alilolichora mara nyingi. Picha zake zinahesabiwa kwa maelfu na zimetawanyika katika makumbusho na nyumba za watu.

Wanaokiri kwamba wamechoka na kazi yao hushauriwa kupumzika. Hesse alipumzika Sonnmatt na hakupona. Alichokipata baadaye kilikuwa kazi nyingine, ngumu kwa namna yake, isiyo na mshahara, inayomtoa mtu ndani ya kichwa chake na kumkalisha mbele ya kitu kilicho hai. Ninaamini hicho ndicho kilichomfaa, na ninaamini kingewafaa wengi ambao hawatawahi kuandika riwaya. Aliye na nafasi ya kufika Uswisi apande basi kutoka Lugano mpaka Montagnola: tangu 1997 kuna makumbusho ya Hesse katika mnara wa Camuzzi, jirani na vyumba vile vinne. Azitazame picha za 1917 kwanza, kisha za 1919. Na asiye na nafasi hiyo anunue kisanduku cha rangi za maji, hata kile cha watoto wa shule, na karatasi nene, atoke nje kabla jua halijawa kali.